Moshi wa Samadi Chumbani kwa Mabior

Ndugu zangu wa Kakuma, nisikilizeni kidogo. Jioni moja mwaka 2012, Mzee Mabior na mkewe Awut walikuwa wametulia chumbani, mlango umefungwa, samadi kavu ya mbuzi ikifuka katikati ya sakafu. Mara mwanamke wasiyemjua akausukuma mlango na kumwaga ndoo nzima ya maji juu ya moto.

“Papa, nyumba inaungua na wewe umekaa tu!”

“Nani anaungua?” Mabior alifoka huku akikohoa. “Wewe umeua moto yangu! Hii ni dawa ya mbu, na dawa ya kifua.”

“Dawa? Hicho kifua kinalia kama mlango mbovu, papa.”

Awut akaangua kicheko. Yeye mwenyewe hakuwahi kuthubutu kusema hivyo.

Mgeni huyo alikuwa Elyse, Mkongo, mhudumu wa afya wa kujitolea aliyekuwa akipita njia. Awut alimweleza kwamba kwao Bor, Sudan Kusini, vijana hulala nje kando ya moshi wa samadi, ili mbu wasiwasumbue wao na ng'ombe. Lakini kule moshi hupaa angani. Hapa Mabior aliufungia ndani, tena na kiko cha tumbaku mdomoni. Kikohozi kikizidi, aliongeza samadi.

Elyse akampeleka hospitali. Makohozi yalipimwa, haikuwa TB. Daktari akasema ni ugonjwa sugu wa mapafu: njia za hewa zimebanwa, hazitarudi kama zamani, ila zinaweza kutunzwa. Mabior akapewa dawa ya kuvuta kwa pampu ndogo, akafundishwa kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji.

Akapata nafuu. Kisha, ndugu msomaji, akafanya kosa la wengi wetu: akaiweka dawa kando, akawasha samadi tena. Vumbi lilipochacha, pumzi ikamkatika. Alikimbizwa hospitali ya Lodwar, akawekewa oksijeni.

“Ukifa, nitarudi Bor na nani?” Awut alimwuliza kando ya kitanda.

“Sitakaa kwenye moshi tena,” alinong'ona. “Nakuahidi.”

Mwaka 2013 Alier, kaka yake Mabior ambaye hawakuwa wameonana naye tangu utotoni, alipita Kakuma. Angeondoka kesho yake. Wazee wakamwashia samadi uani, wakaanza kuimba nyimbo za ng'ombe wao.

“Mabior, njoo!” Alier aliita. “Au umekuwa bibi harusi, unaogopa moshi?”

Wote wakacheka. Mabior akamwonyesha Awut kwa kidole.

“Nimemwahidi huyu,” akasema.

Akabeba kiti chake, akaketi mbali, upepo unakotokea. Maneno ya nyimbo hayakumfikia yote.

FUNZO

Moshi tuliokua nao tangu utotoni hudhuru sawa na moshi mwingine. Moto utoke chumbani, tumbaku iachwe. Kikohozi kisichoisha kipimwe, na dawa isiachwe eti kwa sababu leo umeamka vizuri. Na mgonjwa wetu akihama kutoka kwenye moshi, tusimcheke. Tubebe viti vyetu, tumfuate.