Jicho la Kache

Shule ilipofungwa jioni, Tumu hakuwa na haraka ya kwenda kwao. Alipitia kwanza kwa kina Kache, akavua viatu, akakaa mkekani uani kumsaidia rafiki yake kushona makuti. Mama yake Kache, Kafedha, aliyauza makuti hayo kwa mafundi waliokuwa wakiezeka mabanda ya hoteli za Bamburi, na mwaka ule wa 1994 mafundi hawakutosheka nayo. Wasichana hao walikuwa darasa la saba, dawati moja, na mtaani kwao Kisauni aliyemtafuta mmoja alimuuliza mwenzake.

Kazi waliigawana. Tumu alichomoa majani ya mnazi kutoka kwenye tita, Kache akayakunja juu ya ufito na kuyashona. Huku mikono ikifanya kazi, midomo nayo ilikuwa inaulizana maswali ya sayansi, maana mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia.

"Moyo wa samaki una vyumba vingapi?" aliuliza Kache.

"Viwili," akajibu Tumu, akivuta jani lililokuwa limenasa katikati ya tita. Halikutoka. Akalivuta kwa mikono miwili. Jani likafyatuka ghafla, na ncha yake kavu ikamchapa Kache jichoni.

"Mama wee!" Kache alijikunja, viganja usoni. Alipoondoa mikono, jicho la kulia lilikuwa limejaa machozi na kuanza kuiva.

Tumu alitazama mlangoni. Kafedha alikuwa bado bombani akichota maji.

"Nisamehe, Kache, sikukusudia. Lakini usimwambie mama yako. Atasema nakuja hapa kucheza, atanikataza nisije tena. Nyumbani tuna dawa ya macho. Nitakuletea, wallahi."

Kache alisita, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Dawa aliyoitaja Tumu ilikuwa kichupa cheupe kilichokaa juu ya rafu ya bibi yake, Bi Barke, ambaye ndiye aliyemlea. Bi Barke alipewa dawa hiyo hospitali mwaka uliopita alipougua macho. Alipopata nafuu aliacha kuitia, akaitunza isiharibike bure. Tangu hapo kichupa kile kilikuwa cha mtaa mzima. Aliyewashwa na jicho alikuja kwa Bi Barke, akatiwa tone moja au mawili, akaenda zake akishukuru. Mara nyingine ncha ya kichupa iligusa kope za mgonjwa, nayo ikafunikwa vivyo hivyo. Hakuna aliyejiuliza kilifunguliwa lini.

Asubuhi iliyofuata Tumu alikificha kichupa mfukoni. Nyuma ya ukuta wa shule akamtia Kache dawa, na jioni akairudisha rafuni kabla bibi hajamaliza kuswali. Kesho yake akafanya hivyo hivyo. Kache alisema maumivu yamepungua kidogo. Tumu akashusha pumzi.

Lakini hazikupita siku nyingi, Kache alikuja shuleni amejifunika jicho kwa leso.

"Nikitazama mwangaza, nahisi kama natiwa pilipili," alisema. Tumu alipoifunua leso, aliona usaha wenye rangi ya kijani umegandia kwenye kope. Akaufuta, akatia dawa tena. Akatia matone mengi zaidi, akidhani dawa ikizidi na nafuu itazidi.

Siku iliyofuata dawati lilikuwa na mtu mmoja.

Kafedha alimpeleka mwanawe kwenye zahanati, akapewa mafuta ya kupaka jichoni. Hayakufaa kitu. Jicho lilivimba hadi likafumba. Ndipo walipoambiwa waende hospitali kubwa kule kisiwani, na huko Kache akalazwa.

Siku ya Jumamosi Tumu alifuatana na Kafedha kwenda kumtazama. Njiani mama huyo alisema: "Wameniuliza kama ametiwa dawa yoyote kabla ya zahanati. Nikawaambia hapana. Ningejuaje jicho linauma, ikiwa mwenyewe hakusema?"

Tumu aliukaza mkono kwenye kikapu cha uji. Akageuka kutazama barabara.

Walimkuta Kache amelala chali karibu na dirisha lililofungwa pazia. Daktari Nduku, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa amemwinamia na kurunzi ndogo. Alipoinuka uso wake haukuwa na furaha.

"Mama Kache," alisema, "jicho lina kidonda pale mbele, kwenye kile kioo kinachopitisha mwanga. Vijidudu waitwao bakteria wamekiingia na wanakila. Tumechukua usaha kidogo, tumeupeleka maabara tujue ni bakteria gani. Majibu yatachukua siku kadhaa. Kwa sasa tunamtia dawa hii kila saa, lakini kidonda kinazidi kupanuka, nami sielewi kwa nini."

"Na kikizidi kupanuka?" aliuliza Kafedha.

Daktari aliizima kurunzi. "Kitatoboka. Kikitoboka, huenda tukalazimika kulitoa jicho lenyewe ili kumwokoa asipate madhara makubwa zaidi."

Kafedha alikaa kitandani. Daktari alipompeleka pembeni kumweleza zaidi, Kache aliupapasa mkono wa Tumu.

"Sijakutaja," alinong'ona. "Usiogope."

Maneno hayo yalimchoma Tumu kuliko kama angetukanwa. Alitaka kumkimbilia daktari papo hapo, lakini akamwona Kafedha analia, akaacha. Akajiambia atasema kesho. Kisha akajiambia, pengine dawa ya daktari itafanya kazi, na hakutakuwa na haja ya kusema.

Alirudi Kisauni peke yake, kichwa kizito. Alipokaribia nyumbani alisikia mtoto analia. Ndani, jirani yao Dhahabu alikuwa amempakata mwanawe Rashid, asiyetimiza hata miaka miwili, macho ya mtoto yakiwa mekundu na kope zimegandana. Bi Barke alikuwa ameinama juu yake. Kwa mkono mmoja alikuwa amemfungua jicho. Mkono wa pili ulikishika kichupa cheupe, na tone lilikuwa linaning'inia kwenye ncha yake.

"Bibi, usimtie!"

Tumu hakujua sauti ile imetoka wapi. Alijitupa mbele, akausukuma mkono wa bibi yake. Tone likaangukia sakafuni.

"Una wazimu, Tumu?" Bi Barke alifoka. "Wanisukuma mimi? Mbele ya watu?"

"Bibi, hiyo ndiyo dawa niliyomtia Kache. Nilimpiga jicho na jani, nikaogopa kusema. Nikaiiba dawa yako, nikamtia siku kadhaa, na sasa jicho lake linaoza. Daktari anasema huenda likatolewa. Usimtie Rashid, bibi, nakuomba!"

  Dhahabu alimkumbatia mwanawe, akasogea nyuma bila kujua kama anasogea.

Bi Barke alikitazama kichupa mkononi mwake. Alikuwa mwanamke wa heshima, aliyezoea kushukuriwa kwa dawa ile. Uso ulimbadilika: kwanza hasira, kisha aibu, na baada ya aibu hofu.

"Ni watu wangapi nimewatia?" alijiuliza kwa sauti ndogo. Kisha akainuka. "Dhahabu, mpeleke mtoto zahanati sasa hivi, usingoje. Tumu!"

"Abee, bibi."

"Niletee buibui langu. Twaenda hospitali."

"Sasa hivi, bibi? Muda wa kutazama wagonjwa umekwisha."

"Sisi hatuendi kutazama. Twaenda kusema."

Mlinzi wa lango aliwazuia, lakini Bi Barke alimweleza shida yao kwa utulivu mpaka akawafungulia. Daktari Nduku aliitwa. Tumu alisimama mbele yake, Kafedha akiwa ameketi hatua chache tu kutoka pale, akasimulia yote tangu jani mpaka tone la Rashid. Alipomaliza, hakuthubutu kuinua macho.

Daktari hakumkemea. Alikichukua kichupa, akakigeuza, akasoma maandishi yaliyofifia ubavuni. Mara akaenda kwenye meza ya dawa kando ya kitanda cha Kache, akachukua kichupa kingine, akavishika pamoja.

"Jentamaisini," alisema. "Ni dawa ile ile! Tazama, Tumu. Hii niliyokuwa nikimtia Kache, na hii uliyomtia wewe, ni moja. Kama bakteria hawa waliishi ndani ya kichupa chenu, basi wameizoea dawa hii. Ni kama kumfukuza panya kwa harufu ya ghala alimozaliwa. Ndiyo sababu kidonda kilikuwa kinapanuka!"

Akamwita muuguzi. "Simamisha dawa hii. Kipeleke kichupa hiki maabara, wapime kilichomo. Nami naenda kwa mfamasia."

Aliondoka haraka, karibu akimbie. Tumu alibaki amesimama. Kafedha aliinuka, akamjia. Tumu alidhani atapigwa.

"Mwanangu ana macho mawili tu, Tumu," alisema Kafedha. "Mawili tu." Kisha akamgeuzia mgongo, akarudi kwa binti yake. Tumu angeona afadhali kofi.

Daktari alirudi na dawa iliyotayarishwa upya. Ilikuwa dawa ya zamani iitwayo polimiksini, na mfamasia alikuwa na akiba ndogo tu. Matone yalianza kutiwa papo hapo.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Shuleni Tumu alisoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kuelewa neno. Bi Barke naye alipita nyumba hadi nyumba, akiwauliza wote aliowahi kuwatia dawa kama macho yao ni mazima, na kuwaambia wazi kwamba alikosea. Wapo waliomcheka. Hakujali.

Walipokwenda tena hospitali, Daktari Nduku aliwaita maabara. Aliwaonyesha visahani viwili vya kioo vyenye kitu kama ute wa kijani.

"Hiki kimetoka kwenye jicho, hiki kwenye kichupa. Ni bakteria wale wale. Tuliweka juu yao viduara vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Mnaona? Hapa wamemea hadi ukingoni mwa karatasi. Dawa hiyo hawaijali. Na hapa vile vile. Lakini hapa, kuna nini?"

Tumu aliinama. Kandokando ya karatasi moja palikuwa na duara safi, lisilo na hata chembe ya kijani.

"Hawakuweza kusogea," alisema.

"Ndiyo polimiksini. Dawa hii ni peptidi, yaani kipande kifupi cha kitu kile kile kinachounda protini. Iligunduliwa kutoka kwa vijidudu wa udongoni, wanaoitengeneza kujihami na wenzao. Dawa nyingi huingia ndani ya bakteria kumharibia kazi zake, naye hujifunza kuzizuia. Hii humtoboa ngozi yake ya nje, akavuja kama mtungi uliopasuka. Viumbe wengi wana silaha za namna hiyo. Wataalamu wamezikuta kwenye ngozi ya chura, na hata miili yetu huzitengeneza. Wanachunguza kama siku moja zitatufaa pale dawa nyingine zinaposhindwa."

"Basi hii haishindwi kabisa?" aliuliza Bi Barke.

"Hakuna dawa isiyoshindwa, bibi. Tukiitumia ovyo, nayo wataizoea. Na hiyo tukiipoteza, tulizobaki nazo ni chache mno."

Kisha daktari akawapeleka wodini. Kache alikuwa ameketi. Uvimbe ulikuwa umeshuka na jicho limefunguka, bado jekundu, lakini limefunguka. Katikati palibaki doa dogo jeupe, mfano wa ukungu.

"Doa hilo huenda lisiondoke lote," daktari alisema. "Ataona, ila si kama zamani. Jicho lenyewe limepona hatari. Siku moja zaidi ya kimya, na nisingekuwa na habari hii ya kuwapa."

Kache alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akamtazama Tumu kwa lile lililokuwa likiuma. "Nakuona," alisema. "Una ukungu, lakini ni wewe. Na umekonda."

Tumu alicheka na kulia kwa pamoja. Akamgeukia Kafedha, akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilimtaka Kache akufiche wewe."

Kafedha alimshika bega. "Inuka. Hasira bado ninayo, sitakudanganya. Lakini wewe pia ndiye uliyerudi kusema. Njoo nyumbani kama zamani, ila lolote likitokea, niambie mimi kwanza."

Bi Barke alimvuta mjukuu wake karibu. Alizungumza polepole, kama mtu anayejifunza maneno yake mwenyewe.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, nami nilikuwa nikiyasema hayo kwa watu, wala sikuyasikia. Dawa aliyoandikiwa mtu ni yake peke yake. Aitie kama alivyoambiwa, aimalize muda wake, isiwekwe rafuni kungoja jicho la jirani. Hilo ni kosa langu. Na lako, Tumu, lisikie vizuri. Siri ya rafiki ni amana, lakini siri inayomuumiza rafiki si amana tena. Hiyo unaitoa, hata kama itakuaibisha. Ulichelewa, mjukuu wangu. Mara nyingine usichelewe."

"Sitachelewa, bibi," alisema Tumu.