Picha Zilizofutwa Dukani

Kila siku akitoka shule, Gloire alipita kwanza dukani kwa mama yake, Maman Colette, katika soko la Kadutu. Alikula viazi vitamu alivyowekewa, kisha akamsaidia mama kukunja vitenge mpaka wakati wa kufunga.

Jumatatu hiyo alikuta watu wamenuna. Furushi la vitenge vipya lilikuwa halionekani tangu Jumamosi. Aliyebeba mizigo siku hiyo alikuwa Papa Gentil, mchukuzi aliyefanya kazi pale tangu Gloire akibebwa mgongoni.

"Maman Colette, mimi sikuchukua kitu," alisema kwa sauti ya chini.

"Kamera itatuambia," mama alijibu bila kumtazama. "Picha zisipokutetea, usirudi tena hapa."

Papa Gentil akatoka, akaketi kizingitini.

Juu ya rafu palikuwa na mashine kuukuu iliyorekodi picha za kamera ya duka. Diski yake ilikuwa ndogo mno. Ikijaa, mashine iliandika picha mpya juu ya zile za zamani. Kwa hiyo Tonton Lucien, mdogo wake mama na fundi wa televisheni, alikuwa ameleta diski kubwa zaidi. Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Waya ya mashine hii haiingie kwa diski mupya. Naenda kutafuta ingine. Gloire, usiguse kitu. Nikirudi, tutatazama kwanza picha za Jumamosi."

Mama alikuwa akihudumia wateja. Gloire aliitazama mashine, akamtazama Papa Gentil pale kizingitini. Alitaka kuzitafuta picha hizo mwenyewe ili mambo yaishe upesi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kioo cha mashine kikamwuliza swali kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Akakubali tu.

Picha zote zikatoweka.

Mashine ilikuwa nzee; akinyamaza, kila mtu angesema imekufa yenyewe. Lakini Papa Gentil je? Bila picha, angefukuzwa kama mwizi.

Tonton Lucien aliporudi, Gloire hakungoja hata aketi.

"Tonton, nimefuta picha zote. Ni mimi, haiko kosa ya mashine." Machozi yakamtoka.

Tonton aliruka, akachomoa waya wa umeme. "Umefuta saa gani?"

"Sasa hivi."

"Basi acha kulia. Kufuta haiko sawa na kuchoma. Picha ziko bado ndani, kama mashine haijaandika kitu kingine juu yao."

Alitoa diski ya zamani, akaiunganisha na kompyuta yake. Programu ikaanza kutafuta. Mama alisimama nyuma yao, mkono mdomoni. Picha zilirudi polepole, nyingine zikiwa zimekatika. Hatimaye Jumamosi ikaonekana: Maman Valérie wa Kavumu alikuwa akinunua bidhaa, na mtu fulani alikuwa akimpangia mzigo. Mtu huyo aliliinua furushi la vitenge vipya na kulisukuma ndani ya gunia la mteja.

Alikuwa mama mwenyewe.

"Yesu wangu!" Mama alishika kichwa. Akampigia simu Maman Valérie papo hapo.

"Tangu nifike nyumbani niko mugonjwa," sauti ilijibu. "Gunia sijafungua bado. Ngoja nitazame." "Iko hapa, dada! Furushi lako iko hapa!"

Mama alikwenda mlangoni. "Papa Gentil, unisamehe. Ni mimi niliweka furushi kwa gunia la mwenye kununua. Nimekuonea bure."

Mzee alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka kidogo. "Toka Jumamosi sijalala muzuri, maman. Leo nitalala."

Gloire naye alihisi kifua chake kimekuwa chepesi. Tonton Lucien alifunga diski mpya, akakaza skrubu za mwisho, akamgeukia.

"Ulikosa, maana nilikukataza kugusa. Lakini ungenyamaza, mashine ingeendelea kurekodi, na picha mupya zingefunika ukweli. Kosa likisemwa mapema, linatengenezwa. Likifichwa, linamwangukia mutu asiye na hatia."

"Nami nimefundishwa leo," mama akasema, akimvuta Gloire karibu. "Kabla ya kushitaki mikono ya mwenzangu, nitazame kwanza ya kwangu."