Ringi Zilizobanana

Fundi wa mabango alikutwa sakafuni kando ya cherehani yake, kisogo kimepasuka, nyundo iko miguuni. Mezani palikuwa na bango la plastiki lenye picha ya mwanamke anayecheka, limerukiwa na damu. Taa ya cherehani ilikuwa bado inawaka.

Siku ya tatu Inspekta alikuwa ameichoka kesi hii mpaka basi. Kila ushahidi ulimwelekea binti wa marehemu, lakini moyo wa Inspekta ulikataa katakata. Binti alikuwa mahabusu na kichanga cha miezi minne. Mkuu wa kituo alishaamuru: saa nane mchana afunguliwe mashtaka ya mauaji.

"Afande, kesi imejijenga yenyewe," alisema konstebo. "Fundi viatu wa jirani alisikia nyundo dukani mpaka saa tano na nusu. Mdogo wa marehemu, yule mchapishaji, akatoka akiaga, 'Kaka, natoka!' Akaenda kwa mteja, na mteja amethibitisha. Robo saa baadaye binti akaingia. Mara akatoka anapiga mayowe, mikono ina damu. Na jana yake walifokeana."

"Na alama za vidole?"

"Nyundo ina za kila mtu wa duka lile."

"Basi nyamaza. Mlete binti, twende dukani."

Walikwenda watatu, na wa nne mgongoni. Binti alipofungwa pingu, mtoto akaishia mikononi mwa konstebo, ambaye alimshika kana kwamba ni kielelezo kinachoweza kuvunjika.

"Mligombana nini na baba yako?"

"Nilimwambia apumzike, macho yamechoka. Akaniambia nitamfundisha kazi siku nitakayomzaa."

"Ulimkutaje?"

"Amelala hapo. Nikamwinua. Damu ilikuwa imeshaanza kukauka, afande! Nimesema mara ngapi? Hakuna anayeandika!"

Inspekta alimtazama konstebo. Konstebo akamtazama mtoto.

Inspekta alipandwa na hasira. Siku tatu zimepotea kwa uvivu wa kalamu! Alikuwa anatafuta maneno ya kumpa konstebo yule, binti alipoinama juu ya bango.

"Huyu ni mama mdogo, marehemu mke wa baba mdogo." Akakunja uso. "Nani kapiga ringi hizi?"

Zilikuwa ringi za chuma za kupitishia kamba, zimepangwa kwenye pindo la juu.

"Baba yako. Ndiyo nyundo iliyosikika."

"Baba hapigi hivi. Baba huanza na kona. Halafu analikunja bango, anapiga katikati. Halafu katikati ya katikati. Hatumii hata rula. Huyu kaanza kushoto akaenda tu, mpaka nafasi ikamwishia. Ona mbili za mwisho zilivyobanana."

"Na mapindo?"

"Haya matatu ni mshono wa baba, umenyooka. La nne si lake, ndiyo maana limefumuliwa nusu."

Inspekta alichukua bisibisi, akaibandua ringi moja taratibu. Chini yake, mahali ambapo chuma kilikuwa kimefunika, palikuwa na tone la damu kavu. Aliitia ringi kwenye mfuko, akaipeleka damu maabara.

Maabara ilipiga simu saa saba na nusu. Damu ilikuwa ya marehemu.

Mchapishaji aliingizwa chumba cha mahojiano akiwa bado na wino kwenye kucha.

"Ulipotoka ulimuaga nani?"

"Kaka yangu."

"Alikujibu?"

Inspekta akaweka mezani mfuko wenye ringi.

"Hii ilipigiliwa juu ya damu yake. Na nyundo ilinyamaza ulipotoka wewe."

Mchapishaji aliiangalia ringi.

"Miaka kumi na mbili mimi nachapisha, yeye anamalizia. Nikigusa cherehani ananiondoa. Lile bango ni la mke wangu. Jumapili anatimiza mwaka kaburini. Nililishona mwenyewe, mapindo yote manne. Nikaingia saa nne na nusu nikamkuta na wembe, analifumua. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, 'Halijanyooka.' Basi. Hata usoni hakunitazama. Nyundo ilikuwa karibu."

"Ukakaa saa nzima na maiti, unapiga ringi."

"Fundi viatu amezoea nyundo. Angeshangaa kimya."

"Na mtoto wa kaka yako?"

"Sikujua kwamba atakuja."

"Jana ulijua! Juzi ulijua! Ananyonyeshea kwenye sakafu ya saruji, na wewe unalala kitandani kwako!"

Inspekta alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Akaketi, akasogeza mbele picha za bango.

"Angalia mapindo. Ni ya nani haya?"

Mchapishaji alipitisha kidole kwenye upande mmoja, wa pili, wa tatu. Kilipofika wa nne kilisimama.

"Sikuyaona," alinong'ona. "Nilikuwa natazama mlango."

"Kaka yako aliamka mapema kumshonea shemeji yake upya. Ulibaki upande mmoja."

Mwanamume yule alilia kwa muda mrefu. Alipoweza kusema, aliuliza jambo moja tu.

"Jumapili nani atalitundika?"

"Hakuna," Inspekta alisema. "Ni kielelezo."

Akatoka kwenda kumfungulia binti.