Maoni ya Malkia Pembeni ya Ukurasa

Duka la kuchapa lilikuwa limejaa. Watu walisimama bega kwa bega, kila mmoja na karatasi yake na haraka yake, na printa ziliguna kama watu waliokatizwa usingizi. Dada mmoja aliyevaa shati jeupe lenye nembo ya chuo cha udereva alipenyeza mkono katikati ya watu, akampa mchapaji flashi.

"Kaka, nitolee hicho kijitabu. Mwanafunzi wangu ananisubiri kwenye gari na nimemwachia ufunguo."

"Umemwachia ufunguo? Basi ngoja nifanye haraka kabla hajaingia humu ndani na gari lenyewe."

Watu walicheka. Mchapaji alikuwa kijana mwembamba, mikono ya shati ameikunja vizuri mpaka kwenye viwiko, kalamu sikioni. Karatasi ya kwanza ilipotoka, aliitazama akauma mdomo.

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Lakini unataka itoke pamoja na haya maoni?"

"Maoni gani?"

Akampa karatasi. Maandishi yake yalikuwa yamebanwa upande wa kushoto. Kulia kulikuwa na visanduku, kila kimoja na mstari unaoelekea kwenye maneno yake, na juu ya kila kimoja cheo cha mkuu wa chuo chake. Kimoja kilisema, "Huyu mwalimu anaandika kama mtu anayefukuzwa." Kingine, "Nani atasoma ukurasa mzima wa breki?"

Uso ulimwaka moto. "Mbona mimi sikuyaona kwenye kompyuta ya ofisini?"

"Yalikuwa yamefichwa. Kufichwa si kufutwa."

"Kumbe nimetembea na matusi mfukoni wiki nzima!"

Mchapaji akamgeuzia kioo cha kompyuta. Akamwonyesha pa kubofya ili maoni yatokee, na pa kubofya ili yajifiche tena. Kisha, akiwa anafuta ya mkuu wa chuo moja moja, alisema bila kumtazama, "Mimi nimeusoma huo ukurasa wa breki sasa hivi. Ni mzuri."

Mwalimu wa udereva aliondoka na sentensi hiyo, akasahau flashi. Ilibidi arudi.

Tangu siku hiyo kijitabu kikawa cha watu wawili. Mwalimu anaandika, anakituma kwa barua pepe, mchapaji anakisoma kazi zikipungua na kukirudisha na maoni pembeni. Yake yalikuwa ya kijani, yameandikwa juu "Mchapaji". Ya dada yalikuwa ya bluu, "Mwalimu". Mwanzoni yalikuwa ya kazi tu.

"Umeandika 'punguza mwendo' mara mbili," kijani kilisema.

"Kwa sababu hawasikii," bluu kikajibu.

"Mimi nasikia. Kesho una nafasi?"

Wakaanza kukutana kwenye benchi la mbele ya maktaba, jioni, mwalimu akitoka kufundisha na mwenzake akitoka kuchapa. Wakaanza kupigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Leo mwanafunzi kapanda ukuta wa watu."

"Na gari?"

"Na gari. Wewe ulidhani na miguu?"

Miezi ikapita, na siku moja mwalimu akamwambia kwenye simu, "Jumapili hii nakupeleka kwa mama. Utoe hiyo kalamu sikioni."

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa na hofu. Mwanamume aliyemtangulia mchapaji alikuwa na mke mji mwingine, na habari hizo zilimfikia akiwa sebuleni kwa mama, wageni wameketi, soda zimefunguliwa. Mama hakumlaumu. Aliinuka tu akaanza kukusanya glasi. Mwalimu alijiapiza kwamba hataingiza tena mwanamume katika sebule ile mpaka awe na uhakika naye.

Alhamisi, akiwa ofisini peke yake, alifungua faili lililorudi. Akabofya pa kuonyesha maoni. Kijani hakikuwepo. Pembeni kulikuwa na visanduku vyekundu, na juu ya kila kimoja jina moja. Malkia.

Alisogeza kiti karibu.

"Mpenzi, jana ulinichekesha mpaka nikasahau kufunga duka," Malkia aliandika kwenye ukurasa wa taa za barabarani.

Kwenye ukurasa wa mzunguko wa barabara aliandika, "Hilo shati jeupe linakupendeza kuliko nguo zako zote."

Mwalimu alikumbuka kwamba jana mchapaji naye alivaa shati jeupe. Tena jipya.

Na kwenye ukurasa wa breki, ukurasa wake mwenyewe, aliandika, "Jumamosi tukutane kwenye benchi letu, jioni. Nina neno."

Benchi letu! Alizima kompyuta kwa kidole kimoja, kurasa za mwisho hajazifikia.

Dada yake alikuwa msusi. Alimsikiliza huku akiendelea kumsuka mteja.

"Mdogo wangu, mtu amesahau kuficha. Wanaume wote wanasahau kitu. Wako amesahau maoni."

"Labda ni mteja wa dukani."

"Mteja anamwita mpenzi? Mimi nina wateja hapa, wananiita wewe." Mteja aliyekuwa akisukwa alicheka, akavutwa nywele.

"Nimuulize?"

"Ukimuuliza atakudanganya. Muulizie hali ya huyo Malkia tu, kana kwamba unamjua. Usikilize sauti."

Jioni simu ikaita. Mwalimu aliipokea akiwa amesimama.

"Mpenzi, umeona nilivyokuandikia?"

"Nimeona yote." Akahamishia simu sikio la pili. "Malkia hajambo?"

Mchapaji alishangaa. "Malkia? Hajambo. Leo mchana alituletea chai. Umemjuaje?"

"Nimemjua tu. Mna urafiki?"

"Ah, yule ni mtu mzuri sana. Bila yeye ningeshinda na njaa. Basi Jumamosi..."

"Nimekuelewa," mwalimu alisema, akakata. Hakulia. Alikaa kitandani akatazama gauni lake la Jumapili lililoning'inia nyuma ya mlango, tayari limepigwa pasi.

Jumamosi jioni alikwenda kuwafumania. Alichukua gari la chuo, akaliegesha nyuma ya mti ng'ambo ya maktaba, akajiinamisha kwenye usukani. Alisahau kwamba juu ya paa la gari kuna kibao cheupe chenye herufi ya L kubwa kuliko kichwa cha mtu.

Mchapaji alifika mapema, amevaa koti lililombana mabegani, kalamu haipo sikioni. Akaketi. Akainuka. Akafuta benchi kwa leso, upande wa pili.

"Anamfutia," mwalimu alinong'ona.

Mwanamke mwenye gauni jekundu akatokea, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Mchapaji aliinuka kwa heshima. Wakasemezana, mwanamke akacheka, na mwalimu alijiinua kuona vizuri, kiwiko kikagonga honi.

Honi ya gari la chuo haina siri. Njiwa waliruka. Mwanamke alishukuru kwa kuelekezwa mlango wa maktaba, akaenda zake. Mchapaji alivuka barabara akagonga kioo.

"Mwalimu! Mbona umejificha humu? Nakungoja pale."

"Unaningoja mimi au unamngoja Malkia?"

"Malkia? Mke wa bosi? Aje kufanya nini huku?"

"Mke wa bosi!" Mwalimu alishusha kioo chote. "Yaani hata ni mke wa mtu! Anakuita mpenzi ndani ya kitabu changu, kwenye ukurasa wangu wa breki, na kesho nikupeleke kwa mama?"

Mchapaji alishika kichwa.

"Oh, mama yangu. Kompyuta ya dirishani."

"Ipi?"

"Yangu iliharibika Jumatano, nikahamia ya dirishani. Ile bosi aliinunua, akaandika jina la mkewe kama mtumiaji. Yeyote akiweka maoni pale, yanatoka kwa jina la Malkia. Sisi tumezoea, hata hatulioni tena. Ya wateja tunayafuta kabla ya kutoa kazi. Yale ni yangu mimi. Mpenzi ni wewe. Shati jeupe ni hilo la chuo."

"Na chai?"

"Chai alituletea kweli."

Mwalimu alitamani kumwamini, na hilo ndilo lililomtia hofu. Yule mwingine pia alikuwa na maelezo mazuri.

"Panda gari."

Mchapaji alifunga mkanda bila kuambiwa. Mwalimu alipita alama ya kupunguza mwendo ambayo ameiandika mara mbili, na mwenzake akashika mlango kwa nguvu.

Bosi alikuwa anashusha lango la duka. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani kwenye paji la uso.

"Mzee, Malkia ni nani?" mwalimu aliuliza kabla hata ya salamu.

"Mama watoto wangu. Kafanya nini?"

Aliwapisha, akawafuata ndani kwa udadisi. Mwalimu alimkataza mchapaji asiguse kitu. Alifungua faili mwenyewe kwenye kompyuta ya dirishani, akachagua neno lolote, akaweka maoni yake, "Mimi ni mwalimu wa udereva." Kisanduku chekundu kikajitokeza. Juu yake pameandikwa Malkia.

Akaandika tena, "Mimi si Malkia." Malkia akalisema na hilo pia.

Bosi alishusha miwani machoni. "Kumbe mke wangu anafundisha gari?"

Mwalimu alifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Hukufika mwisho," mchapaji alisema polepole. "Shuka mpaka ukurasa wa mwisho."

Alishuka. Kwenye mstari wa mwisho wa kijitabu, pale alipoandika "Sasa uko tayari kuendesha mwenyewe", kulikuwa na kisanduku kimoja. "Mimi sitaki kuendesha mwenyewe. Utanioa?" Hapo neno la mwisho lilikuwa limekatwa kwa mstari, na mbele yake pameandikwa, "Nikuoe?"

Mwalimu alisogeza vidole kwenye vitufe ajibu. Mchapaji akamshika mkono.

"Ngoja. Jibu hilo sitaki litoke kwa mke wa mtu."

Akainama juu ya bega lake, akafungua mahali pa jina la mtumiaji, akafuta, akaandika "Mwalimu". Kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono amefumbata kama mwanafunzi siku ya mtihani.

Kisanduku kipya kilitokea, cha bluu.

"Ndiyo. Kesho kwa mama, punguza mwendo."

"Na mimi," bosi alisema nyuma yao, "nani atamweleza Malkia kwamba ameondolewa kwenye kompyuta?"