Chupa Moja Pungufu

"Haliingii."

"Dada, ni ua tu hili."

"Ni ua lenye mizizi. Mizizi ina udongo. Haliingii."

"Linapamba gari! Limekaa mbele ya usukani tangu nianze kazi hii, halijamdhuru mtu!"

"Unampelekea mchumba?"

"Sina mchumba."

"Basi hupotezi kitu. Lete."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ukumbi wa mizigo pale mpakani ulikuwa umefurika siku hiyo. Madereva wanapiga kelele, mikokoteni inagongana, harufu ya dizeli na magunia mabichi imetanda. Katikati ya vurugu zote kasimama yule dada, koti jeupe, glavu za mpira, kilemba cha kijani kimefungwa vizuri kama anakwenda harusini. Alikuwa mkaguzi wa mimea. Madereva walimwita Tanuri, maana kila asichokipenda alikichoma.

Huyu kijana aliyekuwa anabishana naye wao walimwita Chupa. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari dogo lenye kiyoyozi na kuvusha chupa za maabara. Ndani ya kila chupa mlikuwa na mche wa mgomba, mdogo kama kidole cha mtoto, umesimama kwenye uji mweupe ulioganda. Wataalamu wa nchi yake waliutia kinasaba cha pilipili hoho ili usiugue mnyauko. Nchi ya Tanuri ndiyo ilikuwa na shamba la majaribio, lenye uzio na mlinzi. Wakubwa wa nchi zote mbili walikuwa wanakaa vikao kutafuta sheria moja, kwamba mche uliopimwa huku ukubalike na kule. Mpaka waelewane, kila chupa ilipita mbele ya macho ya Tanuri, na hakuna hata moja iliyoruhusiwa kufika kwenye shamba la mtu.

Ua likachukuliwa. Mwingine angetukana akaondoka. Chupa hakuondoka.

"Niambie basi. Kwenye huo udongo kuna nini unachokiogopa hivyo?"

Tanuri akasita. Watu walikuwa wanamlilia, wanamtukana, wanajaribu kumhonga. Kumuuliza, hakuna aliyewahi. Akachota udongo kidogo, akauchanganya na maji, akauweka chini ya hadubini.

"Chungulia."

Kijana akainama. Akaona vinyoo vyembamba kama nywele vinajinyonganyonga.

"Mama yangu! Hawa wote nilikuwa nao garini?"

"Abiria wako hao. Na hawajalipa nauli."

Akacheka, na kijana akaona mwanya wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ikawa kila safari ana swali. Akikosa swali, analitunga njiani. Na jioni simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Bado, nina jambo linanisumbua. Mgomba ukitiwa kitu cha pilipili, ndizi yake haiwashi?"

Tanuri alicheka mpaka akakohoa. "Haiwashi, mpenzi."

"Umesemaje?"

"Nimesema haiwashi."

"Baada ya hapo."

"Kata simu ukale, wewe!"

Hakukata. Wala Tanuri hakukata.

Sasa, mama yake Chupa alikuwa na shamba la migomba, na mnyauko ulikuwa umeingia. Ukikata shina linatoka usaha wa njano. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukimenya ndani zimeoza. Siku moja Chupa alipita nyumbani kabla ya safari akamkuta mama amekaa juu ya mgomba ulioanguka, panga mapajani, hakati. Chupa akaangalia gari lake limesheheni dawa ya ugonjwa uleule, imefungwa kwenye kioo. Nani angevumilia? Akachomoa chupa moja. "Panda huu karibu na jiko, mama. Usimwambie mtu."

Mpakani, Tanuri alihesabu. Akarudia.

"Moja haipo."

"Imevunjika. Lile shimo la kabla ya daraja."

"Vipande viko wapi?"

"Nimechoma kila kitu. Si ndivyo unavyofanya wewe?"

Tanuri akamtazama. "Una hakika, mpenzi?"

"Nikudanganye wewe ili iweje?"

Akagonga muhuri. Muhuri ule kijana aliusikia kifuani.

Siku chache baadaye alikuwa barabarani, redio imewashwa, wanatangaza kikao cha nchi mbili moja kwa moja. Mjumbe mmoja mkali akawa anauliza: tunaahidiwa kila chupa inajulikana iliko, lakini nani atathibitisha? Kisha ikaja sauti ambayo Chupa angeitambua hata usingizini.

"Mimi ndiye ninayesimama pale, mheshimiwa. Anayeileta namjua kama ninavyoujua mkono wangu. Moja ilivunjika, ikachomwa. Hakuna mche uliopita pembeni."

Watu wakapiga makofi. Chupa akaegesha gari, akazima redio, akakaa. Basi Tanuri amesimama mbele ya nchi mbili, na alichosimamia ni uongo wa shimo la barabarani. Ukigundulika, ataondoka na koti lake na jina lake. Usipogundulika, Chupa atakuwa analala nao kila siku.

Akageuza gari akaenda kwa mama.

Mche ulikuwa umestawi. Mama aliuwekea mwavuli wake mkuukuu kuukinga na jua, na jani jipya limetokeza, limejikunja kama msokoto wa karatasi.

"Umeuleta mwenyewe, unaung'oa mwenyewe," mama akasema. "Umerogwa?"

"Kuna mtu ataumia, mama."

"Nani?"

"Mkaguzi."

"Mkaguzi wa nini, wa moyo wako?" Akamtazama usoni, akaacha utani. "Haya. Ng'oa na udongo wake. Lakini mimi sitazami."

Akaufunga kwenye mfuko juu ya mfuko, akaenda kuuweka mezani kwa Tanuri. Hakujieleza sana. Alisema: chupa haikuvunjika, mche niliuiba, migomba ya mama yangu inakufa.

Tanuri alivaa glavu polepole. "Umetoa jani."

"Mama aliuwekea mwavuli."

"Bora mche ungekuwa umekufa." Akaubeba mpaka kwenye tanuri, akasimama na mlango wazi, moto unamwangaza. "Niambie kitu kimoja, wewe mwenye maswali. Ulinidanganya mimi kwa sababu unanipenda, au kwa sababu ulijua nitakuamini?"

"Ya pili," akasema. "Halafu nikaumia kwa sababu ya kwanza."

Tanuri akautia mche motoni. Kisha, mbele yake, akanyanyua simu akawapigia wakubwa wa pande zote mbili akawaambia yote, na kosa lake la kugonga muhuri bila kuona vipande halikubaki nyuma.

Chupa alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Tanuri akapewa onyo kali, na utiaji saini wa ile sheria moja ukaahirishwa. Kijana alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika: "Umekula?" Halikujibiwa. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na kitu anachotaka kujua, isipokuwa hicho kimoja.

Siku moja akarudi nyumbani kutoka kubeba zege, akamkuta mama anafagia nyayo nyingi uani.

"Walikuja wageni," mama akasema. "Wa nchi hii na wa nchi ile, pamoja, na viatu vyao vya kung'aa. Wamechimba pale jikoni kutafuta kama kuna mzizi uliobaki. Nikawaambia, mkimaliza kuchimba njooni muone na haya. Nikakata shina mbele yao. Yule mzee mkali wa redioni usaha ukamrukia shati."

"Akasemaje?"

"Alijifuta tu. Kisha wote wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, safari hii kwa sauti ya watu wenye haraka. Eti shamba la pili la majaribio liwe upande huu, na chupa zipigwe lakiri pande zote mbili." Mama akaegemea ufagio. "Alikuwepo na binti mmoja, kilemba cha kijani. Yeye aliuliza mengine."

"Aliuliza nini?"

"Mwavuli niliutoa wapi." Mama akaanza kufagia tena. "Na kama unakula."

Kesho yake Chupa akavaa shati lake la bluu, lile moja lililopigwa pasi, akafuta viatu mpaka kwenye soli, akapanda basi mpaka mpakani. Ukumbi ulikuwa umejaa vilevile. Akapanga foleni nyuma ya mwanamke mwenye gunia la vitunguu. Zamu yake ikafika.

Tanuri hakuinua macho. "Mmea?"

"Sina."

"Mbegu?"

"Sina."

"Udongo?"

"Nimesugua hata viatu."

Hapo akainua macho. Akamtazama viatu, shati, mikono. Mikono aliitazama zaidi.

"Kazi?"

"Hiyo ndiyo sina kabisa."

Mwanya ukachungulia, ukarudi. "Sasa umekuja kufanya nini kwenye dirisha la mimea?"

"Kuuliza."

"Maswali yako hayaishi?"

"Limebaki moja tu. Utakubali nikuoe?"

Mwenye vitunguu akasahau gunia lake. Dereva mmoja nyuma akapaza sauti, "Mchome, Tanuri!" Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka. Alivua glavu moja, akaiweka mezani. Akavua na ya pili.

"Swali hilo haliulizwi hapa," akasema. "Hapa ni kwa vitu vyenye mizizi. Nenda kasimame mlango wa abiria mpaka nitoke kazini. Nitalikagua."

"Na ukikuta lina udongo?"

"Nitalichoma. Unanijua."

"Nakujua."

"Basi nenda, unazuia foleni."

Chupa akageuka akaelekea mlango wa abiria, mikono mitupu inaning'inia, hajui pa kuiweka.