Kalibu Bichi Lilimpofusha Shemeji Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, Msukuma wa Shinyanga. Nilaumuni mkipenda, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Miaka mitano iliyopita niliacha kulima pamba, nikahamia Nkome, kwao mke wangu. Kaka yake, Bugingo, alikuwa mvuvi wa mshipi. Hakuninyima kitu! Alinifundisha hata kutengeneza chubwi, vile vipande vya madini ya risasi vinavyozamisha mshipi mpaka chini wanakokaa kambare. Mabomba mabovu ya risasi tuliyapata kwa wachimbaji wa dhahabu huko Geita. Tuliyayeyusha kwenye chungu, tukamimina kwenye kalibu la udongo wa kichuguu lililoipa risasi umbo la chubwi.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukausha kalibu. Siku tatu juani, kisha kando ya moto. Risasi ya moto ikikutana na maji, Bugingo alisema, haina udugu. Aliyarudia hayo mpaka nikachoka kumsikiliza.

Mvua ikanyesha. Nami, mjinga wa kupenda ngoma, nikaenda kucheza, kalibu nikaliacha nje... Niliporudi nikalifuta kwa kitambaa, nikaliweka kando ya moto kidogo. Juu lilionekana kavu. Ndani je?

Risasi ilikuwa imeshayeyuka. Shangazi yake mke wangu, mjane aliyeishi peke yake, akapita na kuni zake, akatusalimu, akaenda zake. Bugingo akalichukua kalibu, akaligeuza mkononi.

"Shemeji, limekauka?"

"Limekauka kau!" nikamjibu.

Akainama, akamimina... Paa! Risasi ikamrukia usoni. Macho yote mawili, wasomaji! Yote mawili!

Watu wakajaa uani. Nani kamloga? Mganga akaitwa, akataka kujua nani alipita pale. Mjane mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni... walihitaji ushahidi gani tena? Wakampa siku mbili ahame, la sivyo nyumba ichomwe naye akiwa ndani.

Je, nilisema? Sikusema! Siku ya kwanza nilijiambia nitasema kesho. Siku ya pili vijana walipita mlangoni kwangu na mapanga, nikawapisha njia. Niliogopa kufukuzwa. Niliogopa uso wa mke wangu.

Shangazi akapita na kigunia kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mtunzeni Bugingo."

Nikaingia ndani, nikalia kama mtoto.

Homa ya Bugingo ilipopungua, nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamweleza yote.

"Nililishika, nikasikia ubichi," akasema. "Nikaamini neno lako kuliko mkono wangu. Shangazi yuko wapi?"

Nimemtafuta Geita, Bulyanhulu, mpaka Shinyanga kwetu. Wengine wanasema walimwona njiani, wengine wanatikisa kichwa tu. Miaka minne!

Ndugu yangu unayesoma, kama unalo neno la kumwokoa mtu, liseme leo, hata kama unatetemeka. Usijidanganye na kesho kama mimi! Kila ninaporudi safari, Bugingo husikia hatua zangu uani, akageuza uso kunako mlango, akaniuliza, "Shemeji, mko wawili?"

Nami humjibu kwamba niko peke yangu.