Mpunga Haupakiwi Lumbesa

"Chai imemwagika," redio ya mkononi ilisema. "Kikombe chote."

Mpelelezi Kabura aliacha andazi mezani na kutoka hotelini, hapo Nyeri mjini, bila kungoja chenji. Akajitupa ndani ya Subaru Forester yake. Mkuu wake Dishon hakuwa mtu wa kumwaga chai ovyo.

"Sema wazi, mkuu."

"Kuna mtu ameingia ndani ya Jana."

Jana ulikuwa mtambo wa kompyuta uliohifadhi bei za masoko za miaka iliyopita. Kazi yake ilikuwa kuzijibu mashine za akili mnemba zinazouza mazao kwa niaba ya wakulima. Mashine ikiuliza mpunga wa Wang'uru uliuzwaje msimu fulani, Jana unajibu. Lakini mashine haijawahi kukanyaga soko. Inajua tu ilichoambiwa kwenye maelezo ya Jana, ukurasa unaoielekeza iulize vipi na ilisome jibu vipi.

Na Ngendo, aliyeandika maelezo hayo, alikuwa ametekwa asubuhi hiyo.

"Wamebadilisha nini?"

"Mstari mmoja. Ati bei ya gunia la mpunga ni ya lumbesa."

Kabura alitaka kucheka, ila hasira ilimtangulia.

Lumbesa ni lile gunia la viazi linaloshonewa wavu juu, likajazwa mpaka likaota kichwa. Serikali imelipiga marufuku na madalali bado wanalipakia, mchana kweupe. Sasa bei ileile ya gunia ingegawanywa kwa kilo nyingi zaidi, na mpunga ungeonekana wa bei ya kutupa. Saa sita mchana, mashine ya chama cha wakulima wa Wang'uru ingeiuzia kampuni ya kigeni mavuno yote kwa bei hiyo, ikidhani imefanya biashara nzuri. Kuizima haikuwezekana. Wakulima wenyewe walikuwa wameifunga isiguswe na mkono wa mtu, maana walimjua mwenyekiti wao na mikono yake mirefu.

Kwenye ghala la chama kulikuwa na magunia ya mama yake Kabura. Maji ya majaruba yalikuwa yamemmaliza magoti, na bado alipanda.

"Mkuu, ni nani hupakia mpunga lumbesa?"

"Mimi nimekulia Bungoma. Niulize mahindi."

"Hakuna. Ukishona wavu juu, mpunga wote unamwagika chini. Aliyeandika huo mstari hajawahi kushika mpunga. Huyo ni mtu wa viazi."

Redioni zilisikika karatasi zikipekuliwa.

"Theuri," Dishon alisema. "Dalali wa viazi. Ako na stoo Timau, na juzi alionekana na watu wa hiyo kampuni ya kigeni."

"Naenda."

"Ngoja kibali kutoka Nairobi."

"Hao wa Nairobi wanakula wali wa nani?"

Akazima redio.

Naro Moru ikapita. Nanyuki ikapita. Mlima ulikuwa kulia kwake, umejifunika mawingu, na mguu wake haukutoka kwenye mafuta.

Stoo ya Theuri ilikuwa nyuma ya mashamba ya ngano. Kabura alirusha droni yake ndogo aina ya DJI hadi dirishani, akatazama simu. Ngendo alikuwa kwenye kiti, amefungwa mikono. Theuri alikuwa na bastola. Mlinzi mmoja alikuwa mlangoni.

Mlinzi alisikia droni, akainua kichwa kuitafuta. Kabura alimkuta bado anatazama juu. Kitako cha bastola yake ya Glock kikamlaza.

Aliusukuma mlango kwa bega.

"Madam, kwani uko na kibali?" Theuri aliuliza, bastola kwenye shingo ya Ngendo.

"Sina."

"Basi rudi. Dakika chache tu na kila kitu kimeisha. Huyu pia alikuwa kichwa ngumu. Ilibidi tumshikishe kidole kwa kompyuta yake na nguvu."

"Na bado hukujua mpunga unapakiwa vipi," Ngendo alisema. "Mjinga wewe."

Theuri alimgeukia, ameudhika.

Hiyo ilitosha.

Kabura hakumlenga yeye. Alilenga kamba ya wavu, kwenye lumbesa iliyokuwa juu kabisa ya rundo nyuma yake.

Paa.

Viazi vilimshukia kichwani, mabegani, miguuni. Akateleza, bastola ikaruka. Alipojaribu kuinuka alikuta kiatu cha Kabura kifuani.

Kisu kikakata kamba za Ngendo. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, lakini aliivuta kompyuta yake ya ThinkPad na kubonyeza kidole gumba.

"Sahii naweka kwa hiari yangu," alisema.

Akafuta mstari wa Theuri. Akaandika: *Bei ni ya gunia la kawaida. Mpunga haupakiwi lumbesa. Anayebisha aje Wang'uru.*

"Mashine zitausoma?"

"Zinasoma maelezo upya kila zinapouliza."

Saa sita ikafika. Mashine ya chama iliuliza. Jana ukajibu. Wakakikodolea macho kioo cha kompyuta.

*Ofa imekataliwa. Bei iko chini mno.*

Ngendo alifunika uso akalia.

Simu ya Theuri ikaita pale kwenye viazi. Kabura aliiokota.

"Theuri," sauti ya kigeni ilisema kwa Kiswahili cha darasani. "Kwa nini mashine yao imekataa?"

"Imeelimishwa."

"Wewe ni nani?"

"Mtoto wa mwenye mpunga. Ukiutaka, njoo na bei ya soko."

Akakata. Alimfunga Theuri pingu, akamshika Ngendo mkono, wakatoka juani. Redio ilipowashwa, Dishon alikuwa tayari anafoka.

"Kabura, nani alikupa kibali?"

"Kiko njiani kutoka Nairobi, mkuu," alisema, akawasha gari. "Kikifika, kiambie nimeenda kwa mama kula wali."